Dhima ya Mvua

Katika nchi ya Usukuma, tangu katikati ya mwezi wa Novemba hata katikati ya Desemba, mkulima hutia mbegu ya pamba ardhini, na tangu saa ile wawili huwa na haki katika mmea ambao bado haujachipua: yeye mwenyewe aliyelima, na kampuni iliyompa mbegu na dawa ya wadudu kwa mkopo ili pamba itakapovunwa aiuzie kampuni hiyo hiyo, wala asimuuzie mwingine. Mvua ikija kwa wakati na kwa kadiri, haki hizo mbili hukaa pamoja bila ya ugomvi, maana lipo la kugawana. Lakini Shinyanga ni nchi ya mvua chache zenye kigeugeu. Upo mwaka ambao ukavu wa Januari hurefuka kupita ada yake, vitumba vikapukutika kabla ya kufumbuka, na shamba ambalo mwenyewe alikwisha kulipigia hesabu ya karo na bati likatoa mafurushi mawili ya fifi, yaani pamba hafifu. Hapo ndipo lizukapo suala ambalo mimi naliona kuwa la dini na hekima kabla ya kuwa la biashara, nalo ni hili: mvua ambayo hakuna mwanadamu aliyeizuia, ni nani mwenye kuichukulia dhima?

Jibu la mkataba ni fupi. Mkulima alipokea mbegu na dawa, thamani yake inajulikana, jina lake limeandikwa, na deni halikuwekewa sharti la mvua. Basi atakatwa katika kidogo alichovuna, na kisipotosha, salio litamngoja msimu ujao. Watu wengi waadilifu wameridhika na jibu hilo, na sijapata kumsikia karani aliyelitamka kwa moyo mbaya. Mimi sikuridhika nalo, na sababu zangu nataka kuzieleza kwa utaratibu.

Yafaa kwanza kuueleza mwendo wa jambo lenyewe, ili asiyepata kukaa huko alione. Ukanda wa pamba wa magharibi, unaozunguka kusini na mashariki ya Ziwa Viktoria, ndio utoao zaidi ya sehemu tisa katika kumi za pamba yote ya Tanzania, na takriban yote hulimwa na watu wa mashamba madogo, ekari mbili, tatu, tano, kwa plau ya maksai na kwa jembe la mkono, katika udongo wa kichanga uitwao luseni au katika ardhi nyeusi ya mbuga. Hakuna bepari aliyefyeka maelfu ya ekari Kishapu au Kahama, huko Shinyanga, akapanda pamba kwa kibarua. Kampuni imejua kwamba si lazima kumiliki ardhi ili kuyapata mazao yake. Viwanda vya kuchambua pamba, ambavyo wengi huviita majineri, hutaka pamba mbegu ya kutosha kila mwaka, na njia ya kuipata imekuwa ni kumkopesha mkulima pembejeo. Palikuwa na utaratibu wa pasibuku, ambao mkulima alikatwa sehemu ya bei yake ili kujiwekea akiba ya pembejeo za msimu unaofuata. Kuanzia mwaka 2008 yakaja majaribio ya kilimo cha mkataba. Na baada ya hayo manunuzi yakarudishwa kupitia vyama vya msingi vya ushirika. Majina ya taratibu yamebadilika mara nyingi, lakini kiini chake ni kimoja: pembejeo huja kabla, na makato hufuata.

Siku ya kupima, mkulima huileta pamba yake ghalani kwa mkokoteni, imefungwa katika mashuka. Karani huitazama, akaitenga safi mbali na fifi, akaitundika mizanini, akaandika kilo katika daftari. Kisha huzidisha kwa bei, na kabla ya noti ya kwanza kuvuka meza huondoa thamani ya mbegu, thamani ya dawa, na ushuru wa hiki na hiki. Mwenye pamba husimama akiangalia kalamu. Bei yenyewe haikuandikwa siku alipochukua mbegu. Hiyo ilikuja baadaye, mwezi wa Mei au Juni, Bodi ya Pamba ilipotangaza bei dira, nayo hutegemea soko la dunia ambalo hana habari nalo. Katika mwezi wa Machi 2011 ratili moja ya pamba nyuzi ilivuka dola mbili katika masoko ya dunia, bei ambayo haijapata kuonekana, na kabla ya mwaka kwisha ilikuwa imeanguka vibaya. Mwaka 2019 bei dira ilikuwa shilingi 1,200 kwa kilo, soko la dunia likaporomoka, wanunuzi wakakosa fedha au wakazizuia, na wakulima waliokwisha kuikabidhi pamba yao wakakaa miezi wakingoja malipo. Kwa hiyo mkulima hubeba hatari mbili kwa pamoja, ya mbingu na ya soko, na katika mbili hizo hakuna hata moja aliyo na nguvu juu yake.

Ugomvi wa haki katika pamba si mpya. Wazee wa kusini ya Tanganyika waliona mashamba ya pamba ya kushurutishwa yakiwa miongoni mwa sababu zilizowasha Vita vya Maji Maji mwaka 1905. Na Usukuma kwenyewe, katika miaka ya mwanzo ya 1950, wakulima waliochoshwa na mizani ya wanunuzi walifanya jambo la busara kubwa: waliajiri wapimaji wao wenyewe, wakawaweka penye soko ili uzito usipungue njiani kati ya shuka na daftari. Kutoka katika juhudi hizo, chini ya uongozi wa Paul Bomani na wenzake, ulizaliwa mwaka 1955 muungano wa vyama vya ushirika vya Viktoria, ambao haikupita miaka mingi ukawa umeshika ununuzi wa pamba yote ya ukanda ule na kuhesabiwa katika vyama vikubwa kabisa vya ushirika barani Afrika. Vyama vikuu vikafutwa na serikali mwaka 1976, vikarudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, na tangu 1994 mlango ukafunguliwa kwa makampuni ya watu binafsi. Ninayataja haya kwa haraka kwa sababu moja. Wale wa 1950 walipigania uzito, na uzito huonekana kwa macho. Mshale wa mizani ukidanganya, mtu aweza kuunyoshea kidole. Kinachogombewa leo hakipo mezani. Kimo ndani ya karatasi, na mwenye kutaka kukiona sharti aulize kampuni ni kitu gani hasa.

Kampuni ni mtu aliyeumbwa na sheria. Waingereza waliweka mwaka 1855 sheria iliyowaruhusu wenye hisa kuwekea mpaka dhima yao, asiweze mmoja wao kudaiwa zaidi ya kile alichokitia. Na katika hukumu mashuhuri ya Salomon ya mwaka 1896 ikathibitika kwamba kampuni ni mtu mbali na wenyewe, mwenye mali yake na madeni yake. Msingi huo tuliurithi pamoja na mengine ya utawala wao, na Sheria ya Makampuni ya Tanzania ya mwaka 2002 imeushika. Mimi siulaani. Pasipo mpaka ule wa dhima, ni wachache ambao wangethubutu kutia mali yao katika kujenga kiwanda cha kuchambua pamba Kahama, mahali ambapo mvua mbili mbaya zaweza kukifilisi. Wala si jambo geni kabisa kwa fikira za Kiislamu: mafakihi wetu walijua kwamba wakfu na baitulmali huweza kuwa na mali na kudaiwa, ingawa hakuna nafsi ndani yake.

Lakini tuitazame meza ile mara ya pili, tukijua sasa ni nani na nani waliokaa pande zake. Upande mmoja yuko mtu wa sheria ambaye dhima yake ina mpaka. Akifilisika, wadai wake watagawana kilichobaki na habari yake itakwisha hapo. Upande wa pili yuko mtu wa nyama na damu ambaye dhima yake haina mpaka wowote. Deni la pamba lisipolipwa na pamba, litalipwa na mahindi. Lisipolipwa na mahindi, litamwendea maksai. Na kwa Mwislamu halikomi hata kaburini, maana imepokewa kwamba Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, aliwahi kujizuia kumsalia maiti mwenye deni mpaka mmoja wa masahaba alipolichukua juu yake. Mkulima anakopa kwa roho yake. Kampuni inakopesha kwa sehemu ya mtaji wake. Wawili hawa wameandikiana mkataba mmoja kana kwamba wanasimama sawa, na mvua inapokosekana, mwenye mpaka ndiye aliyekwisha kujilinda, na asiye na mpaka ndiye aliyeachwa wazi. Nami nadai kwamba mpangilio huu umepindua haki.

Najua atakaloniambia mwanasheria, na tena mwanasheria Mwislamu atakuwa na hoja nzito zaidi. Atasema: wewe unachanganya ushirika na deni. Katika mudharaba, yaani mmoja akitoa mtaji na mwingine akitoa kazi, ni kweli kwamba hasara ya mtaji humwangukia mwenye mtaji, na mfanyakazi hupoteza jasho lake tu, ila kama alifanya taksiri, yaani uzembe, au taadi, yaani kuvuka mipaka. Lakini kampuni haikuingia mudharaba na mkulima. Imemuuzia mbegu na dawa kwa malipo ya baadaye, na mwenye kuuza kwa deni hahusiki na ukame, kama vile fundi aliyekushonea kanzu kwa mkopo asivyohusika na kwamba harusi uliyoikusudia imevunjika.

Hoja hii ingekuwa kamili lau kampuni ingekuwa imeuza na kwenda zake. Mwenye duka wa sokoni Shinyanga aliyekukopesha bomba la kupulizia dawa hana neno juu ya aina ya mbegu utakayopanda, wala siku ya kupulizia, wala mtu wa kumuuzia mavuno. Anataka fedha yake, na ukimletea uliyoipata kwa kuuza kuku ataipokea kwa furaha. Mkataba wa pamba si hivyo. Huchagua mbegu, huelekeza upandaji, huleta bwana shamba wa kukagua, na kubwa kupita yote, hulifunga zao lisiuzwe kwingine. Huyo si mdai wa kawaida tena. Amejipa amri ya mshirika, akabakiza usalama wa mdai. Na katika sheria yetu ya Kiislamu imo kanuni kwamba haki ya kunufaika na kitu hufuatana na dhamana ya kuharibika kwake. Anayeyataka matunda ya shamba kama wake sharti awe tayari kuuona ukavu wa shamba kama wake. Fauka ya hayo, Mtume alikataza kufungamanisha mkopo na mauzo katika mapatano mamoja, mtu asiseme nakukopesha kwa sharti uniuzie. Na mafakihi wameeleza kwamba katika kufungamanisha huko mkopeshaji hujipatia manufaa yaliyojificha ndani ya bei. Mkulima aliyekwisha kukopa pembejeo hana tena uhuru wa kusimama sokoni akangoja mnunuzi bora.

Tuchukue pia bei ya salamu, yaani mauzo ya kulipwa leo kwa zao litakalokabidhiwa baadaye, ambayo ni mlango uliofunguliwa makusudi kwa ajili ya watu wa mashamba. Watu wa Madina walikuwa wakiuza matunda ya mwaka mmoja na miwili ijayo kwa malipo ya mbele, na Mtume hakuwakataza, ila alitaka kipimo kijulikane, uzito ujulikane na muda ujulikane. Sharti la salamu ni kwamba bei yote hulipwa siku ya mapatano. Mkulima hupata fedha mkononi leo, akajua kilo yake ameiuza kwa kiasi gani, na mnunuzi ndiye anayekaa akingoja kuona kama soko litapanda au litashuka. Mkataba wa pamba umeyageuza mambo hayo juu chini: kinachojulikana tangu mwanzo ni deni la mkulima, na kisichojulikana mpaka mwisho ni bei yake. Vikikutana deni lililokatwa na bei isiyokatwa, gharari yote, yaani hatari ya kisichojulikana, imelazwa upande mmoja.

Na sasa nataka kumpeleka msomaji Geita, mahali ambapo watu hawapatazamii kujifunza fikihi. Huko Rwamgasa, Nyarugusu na Mgusu, kandokando ya mgodi mkubwa wa kampuni uliofunguliwa mwaka 2000, wako wachimbaji wadogo kwa maelfu, na utaratibu wao wa kushirikiana haukuandikwa na wakili. Yuko mwenye leseni ya eneo. Yuko mwenye duara, ambaye ndiye mwenye kugharimia shimo. Na wako wachimbaji wenyewe. Mwenye duara hununua magogo ya kushikiza kuta, kamba, tochi na baruti, na kila siku huwalisha watu wake ugali na maharage, pengine kwa miezi, wakiufuata mwamba chini ya ardhi. Wachimbaji hawapewi mshahara. Mawe yenye dhahabu yakipandishwa, hutiwa katika viroba, viroba hupangwa mbele ya wote, na mgawo hufanywa hapo hapo: fungu la mwenye leseni, fungu la mwenye duara, fungu la wachimbaji, kisha kila mtu huenda na mawe yake kwenye karasha, mashine ya kuyasaga. Nao mwamba ukikatika, au shimo likifika majini pasipo kuonekana kitu, mwenye duara amepoteza ugali wake na baruti yake, wachimbaji wamepoteza nguvu zao, na hakuna atokaye pale akiwa na deni la mwenzake. Hakuna mchimbaji anayefuatwa kijijini kwao Maswa au Sengerema kudaiwa maharage aliyokula katika duara lisilotoa.

Watu hawa, walio wengi wao Wakristo na wafuasi wa mila, na ambao pengine hawajapata kulisikia neno mudharaba, wanaitenda mudharaba kwa ukamilifu wa kuwashangaza mafakihi. Nisieleweke kwamba nalisifu kila linalotendeka machimboni. Zebaki inayoshikwa kwa mikono mitupu ni sumu, kuta huporomoka zikafukia vijana, wako watoto ambao walipaswa kuwa shuleni, na hatari ya kufa humpata aliye chini tu, si aliyekaa juu akihesabu viroba. Katika hatari ya roho hakuna usawa pale. Lakini katika hatari ya mali usawa upo, na umefikiwa na watu maskini kwa akili zao na kwa haya zao, bila ya kuamriwa na mtu.

Hata kampuni kubwa za dhahabu, ambazo zina mambo yao mengi ya kujibu juu ya watu walioondolewa mashambani na fidia zilizopimwa kwa kuhesabu mihogo na miembe, katika jambo hili moja zimesimama mahali pa haki kuliko mnunuzi wa pamba. Kampuni ya utafiti huchoronga ardhi mashimo mengi kwa gharama kubwa, na mashimo mengi hayaonyeshi kitu. Hasara hiyo huiandika katika vitabu vyake wenyewe. Haijapata kusikika kwamba mwanakijiji wa Geita ameletewa hati ya deni kwa sababu mwamba ulio chini ya shamba lake haukuwa na dhahabu. Na Mpango wa Karanga uliobuniwa katika kampuni ya United Africa na kuanzishwa na serikali ya Uingereza mwaka 1947 huko Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea, ulipokufa mwaka 1951 kwa ukame, udongo mgumu na maarifa haba, hasara yake, iliyofika kama pauni milioni 36, ilibebwa na hazina ya Waingereza. Mkulima wa Kongwa hakudaiwa karanga ambazo hazikuota. Basi kwa nini pamba iwe peke yake? Jawabu ninaloliona ni kwamba katika dhahabu na katika karanga zile mwenye mtaji alikuwa ndiye mwenye kazi pia, hakuwa na wa kumtupia. Katika pamba amempata mtu wa kumwekea hasara, mtu ambaye ni mnyonge, ametawanyika vijijini, na ana ardhi ambayo hawezi kuihama.

Wasukuma wenyewe, kabla ya jineri ya kwanza, walikuwa na sheria yao katika ng'ombe. Mwenye ng'ombe wengi humwekesha jirani au ndugu baadhi yao, ili maradhi au ukame ukipiga upande mmoja asipotelewe na wote. Mwekeshwaji hupata maziwa na samadi, na huwachunga kama wake. Ng'ombe akifa kwa kifo cha Mungu, mchungaji hupeleka habari na ngozi kwa mwenyewe, na mambo yamekwisha. Akifa kwa uzembe wake, hapo ndipo wazee huitwa. Ni mgawanyo ule ule wa mafakihi kati ya msiba na taksiri. Na ndugu zetu Wakristo wanayo katika Torati amri ya kutochukua mawe ya kusagia kuwa rehani, kwa sababu kuyachukua ni kuchukua uhai wa mtu. Kwa mtu wa Kishapu maksai na plau ndiyo mawe yake ya kusagia. Akiviuza ili alipe deni la dawa, mwaka unaofuata atalima kwa jembe la mkono eneo dogo, atavuna kidogo zaidi, na deni jipya litamkuta akiwa dhaifu kuliko lilivyomwacha la zamani. Misahafu miwili na desturi moja, zilizokua mbali mbali, zimekubaliana juu ya jambo ambalo karatasi ya mkataba imelikataa.

Sitamdhulumu mwenye kampuni kwa kuficha taabu zake. Mkopo wa pembejeo umewafikishia watu mbegu bora zisizo na manyoya ambazo wasingeweza kuzinunua kwa fedha taslimu mwezi wa Novemba, wakati ambapo hata chakula ni cha kuhesabu. Wako wakulima waliochukua dawa ya kampuni moja wakauza pamba kwa mnunuzi mwingine usiku, na wako wanaoinyunyizia pamba maji na kuitia mchanga ili ivute mizani. Makemeo ya Kurani juu ya wapunjao vipimo huwahusu hao kama yalivyowahusu wanunuzi wa 1950, pasipo kutofautisha tajiri na maskini. Na yapo makampuni yaliyojaribu njia nyingine. Huko Meatu, ambako kulikuwa sehemu ya mkoa wa Shinyanga hata Simiyu ilipokuwa mkoa mwaka 2012, kilimo cha pamba hai kilichoanza mwaka 1994 chini ya kampuni ya bioRe humkataza mkulima dawa za kiwandani na humwongezea kitu juu ya bei ya soko. Na mkulima asiyepulizia sumu ya dukani hana deni la sumu, hata mvua ikimnyima.

Kuna pia wanaolifunga suala zima kwa neno kadari. Ukame umetoka kwa Mungu, wanasema, na mja hana budi kusubiri. Neno hili huwatoka hata wachamngu wa kweli, kwa hiyo nalijibu kwa heshima. Kwamba mvua ni ya Mungu, hilo tumeliamini sote, na Kurani inamkumbusha mkulima kwamba si yeye aoteshaye mbegu anayoifukia. Lakini kilichoteremshwa na kadari ni ukavu. Kadari imeondoa pamba katika shamba. Haikuandika kwamba thamani ya dawa iliyoliwa na ukavu ule italipwa na fulani wala fulani. Hayo yameandikwa na kalamu ya mwanadamu, ofisini, kabla ya mwaka kujulikana utakuwaje, na yaliyoandikwa na mwanadamu huweza kuandikwa upya. Subira ni wajibu wa aliyepatwa na msiba. Kumwamuru mwenzako asubiri ili wewe usipungukiwe si katika subira. Mtume alipokataza kuuza matunda kabla ya kuonekana kupevuka kwake, sababu aliyoitaja ni hii hii: Mungu akiyazuia matunda, mtu atahalalisha kwa nini kuchukua mali ya ndugu yake? Na imepokewa pia kwamba aliamuru watu wapunguziwe kwa ajili ya jaiha, yaani baa linaloangamiza mazao. Imamu Malik akalifanya kuwa la lazima likifika theluthi, na Imamu Shafii, ambaye sisi wa pwani tunafuata madhehebu yake, akaliona katika kauli yake ya mwisho kuwa ni la kupendekezwa. Ni kweli kwamba pale anayepunguziwa ni mnunuzi wa matunda, na hapa ni mwenye shamba. Lakini illa, yaani sababu ya hukumu, ni moja, nayo ni kwamba mali isichukuliwe badala ya kitu ambacho Mungu hakukileta.

Na ridhaa? Mkulima si aliweka dole gumba kwa hiari? Aliweka, na hakuna aliyemshika mkono. Lakini ridhaa ya mtu asiye na mbegu wakati mawingu yamekwisha kutanda ni ridhaa ya haja, na tangu zamani wenye elimu wametofautisha kati ya mtu kuridhia mapatano na mtu kuridhia pungufu ya haki kwa kuwa haki kamili haikuletwa mbele yake. Hakupewa mikataba miwili akachagua mmoja.

Ninalolitaka, basi, si kwamba kampuni zifukuzwe katika pamba, wala si kwamba madeni yafutwe kila mtu anapolia. Nataka sharti moja liandikwe katika kila mkataba wa pembejeo: kwamba katika kata ambayo mavuno yameangushwa na ukame, aliyepanda kwa wakati, akapalilia na kupulizia kama alivyoelekezwa, deni lake la msimu huo limeanguka pamoja na mavuno, na hasara ya pembejeo ni ya aliyezitoa, na aliyezembea, abaki na deni lake. Kampuni itasema kwamba gharama ya sharti hilo itaingia katika bei. Na iingie, kwa kadiri ya haki, ionekane na ihesabiwe katika miaka ya neema, mkulima achangie kidogo akiwa navyo kuliko kudaiwa chote akiwa hana. Itasema pia kwamba watu watadai ukame hata palipokuwa na mvua. Lakini mvua hainyeshi kwa siri. Vipo vipimo vya mvua, yuko bwana shamba ambaye kampuni yenyewe humtuma kukagua, na kiko chama cha msingi ambacho wanachama wake wanajuana tangu utotoni, wanajua ni nani aliyepalilia mara tatu na ni nani aliyekuwa kilabuni. Wachimbaji wa Rwamgasa huthibitisha kwa macho yao kwamba duara limekauka, na mwenye duara hukubali neno lao akaanza kugharimia shimo jingine. Kampuni iliyokuwa na uwezo wa kuhesabu kila chupa ya dawa iliyoingia kijijini haitashindwa kuhesabu siku ambazo mvua haikunyesha.